Honi za teksi ndani ya okestra

SWALI: Shikamoo bi mkubwa. Mie naendesha tuktuk hapa Malindi. Juzi abiria niliyemchukua uwanja wa ndege alifungulia muziki wa okestra kwenye simu, mara nikasikia honi, nikakaa pembeni nimpishe mtu. Kumbe ni muziki! Akasema waitwa "An American in Paris". Honi hizo zilinaswa barabarani? Na huo ni jazi au ni muziki wa kizungu wa kale? – Dereva, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hazikunaswa, zapigwa. Wapiga ngoma wa okestra hupewa honi nne za teksi, zile za mpira wa kubinya, na zamu ya kila honi imeandikwa kwenye nota sawa na ya fidla.

Mtunzi ni George Gershwin wa New York, aliyeinukia kwenye nyimbo za Broadway, zile kumbi za michezo ya kuimba za mji huo. Alizuru Paris mwaka 1926, akapata ile sauti ya mwanzo ya mtu anayerandaranda mjini, kisha ikamkwamia. Aliporudi huko 1928 akaingia maduka ya vipuri vya magari ya Avenue de la Grande Armée, mtaa wa Paris, kusaka honi. Akavuka nazo bahari, na tarehe 13 Desemba mwaka huohuo zikalia Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, Walter Damrosch akiongoza okestra.

Wako wakosoaji walionuna. Mie naona walijisumbua bure. Tarabu yetu yenyewe imekaribisha kodiani na fidla, na hakuna aliyekufa.

Jazi imo, tena ndani ya okestra kamili. Ngoja honi zinyamaze, utasikia tarumbeta yaingia na bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, taratibu. Gershwin alieleza kuwa hapo Mmarekani wake ameshikwa na hamu ya kwao. Saksafoni tatu nazo zimo.

Sasa kuna ugomvi utakaokufurahisha wewe mtu wa honi. Kwenye nota, honi zimetiwa alama A, B, C na D. Kwa miaka mingi wapigaji walizichukua kuwa ndizo sauti zenyewe, maana sauti za muziki nazo huitwa kwa herufi, wakatafuta honi za kulingana nazo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaisikiliza upya rekodi ya 1929, ambayo Gershwin mwenyewe alikuwamo studio akipiga selesta, kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, wakasema la: herufi zile ni za kutambulisha honi tu, ipi ni ipi. Kwenye rekodi hiyo sauti zake zimeachana zaidi na zagongana kwa ukali, kama makutano ya barabara saa za kutoka kazini. Itafute, uilinganishe na ya abiria wako.