Kutalii Mombasa na wewe ni mtu wa Mombasa

Ndugu uliyeuliza kama ni upuzi kuwatembeza wanao Mombasa ilhali mwakaa papo hapo Kisauni, na kama siku mbili zitatosha: si upuzi, na zatosha. Sisi tulifanya likizo ya Agosti, mimi, mke wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 13, mdogo 6) na mamangu, ambaye hatukumwalika.

Nikiri kwanza. Nina miaka 43, nimezaliwa Mombasa, na Ngomeni, yaani Fort Jesus, nilikuwa sijaingia tangu darasa la sita, tulipopelekwa na mwalimu. Nilichokumbuka ni mizinga na soda. Aliyenitia aibu ni mwanangu wa kati. Mgeni wetu kutoka Nakuru alimuuliza ndani ya Fort Jesus kuna nini, akajibu, "Kuta."

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutoka nyumbani kama wenyeji. Asubuhi ile nikasema tupitie Marikiti mara moja, ninunue viungo vya pilau, maana ni njiani. Mke wangu naye akasema basi tumjulie hali shangazi pale Makadara, si vizuri kupita mlangoni kwa mtu kimya kimya. Wajua ya shangazi. Tulitoka kwake saa saba, tumeshiba wali, watoto wasinzia, na mfuko wa viungo mkononi. Nusu siku imekwenda na hatujaona kitu. Kwa hiyo shangazi mtembeleeni wiki nyingine, na simu ya fundi msiipokee.

Mchana tukaenda feri. Usicheke. Mimi nimevuka Likoni kwenda kazini miaka tisa, na kwangu feri ni jasho, kusukumana na kuchelewa. Wanangu lakini hawakuwa wamevuka hata siku moja, maana sisi safari zetu zote ni daraja la Nyali. Anayevuka kwa miguu halipi, ni magari yanayolipa. Nendeni saa nane au saa tisa, kabla watu hawajatoka kazini, msimame pembeni. Meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini, feri ikabidi isubiri ipite, na mwanangu mdogo alinyamaza kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Tulivuka mara sita. Kila mkifika lazima mshuke mzunguke mpange tena na umati, na kila mara alisema, "Tena, baba."

Kutoka hapo bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ni karibu, mwatembea tu. Pamekarabatiwa mwaka 2019, pana viti na ngazi, lakini mibuyu ni ile ile. Kuleni mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili ya unga, viazi vya karai, dafu moja moja. Jumapili jioni pana watu kama siafu, basi chagueni siku nyingine.

Siku ya pili ndiyo ya Ngomeni, na hapo nawe nakushauri: mchukue mzee wenu yeyote anayeweza kutembea. Mlangoni kijana mmoja anayeongoza watalii alimjia mamangu na uso wa furaha: "Jambo mama! Karibu Mombasa, hakuna matata!" Mama akamtazama. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapo Kibokoni. Wanikaribisha wapi?" Kijana alicheka mpaka akashika ukuta, akaomba radhi, akageuza Kiswahili chake chote. Tukapatana bei kabla ya kuingia (pataneni mapema, hata kama ni mtoto wa jirani), na kusema kweli alikuwa anajua kazi yake. Bebeni vitambulisho, mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hayo ya shuleni tunayajua. Kilichowakamata watoto ni Yusuf bin Hasan. Mwana wa mfalme wa Mombasa, baba yake ameuawa, akachukuliwa mtoto mdogo mpaka Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, akalelewa kama Mreno, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 akawageukia, akamuua kapteni ndani ya ngome hiyo hiyo. Mwanangu mkubwa alitaka kujua alisimama wapi hasa. Kisha mkaonyeshwe michoro ya mabaharia wa Kireno, wamechora majahazi yao ukutani kama wanafunzi wanavyochora madawati. Na mzingiro wa Waomani, kutoka 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, walio ndani wakiisha kwa njaa na maradhi. Meli iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa baharini vimewekwa kwenye makumbusho.

Mama hayo yote aliyasikiliza kwa adabu. Halafu akatuambia yake. Ngome ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na yeye alikuwa msichana mdogo. Anasema mamake akipita naye hapo alimshika mkono kwa nguvu na watu waliteremsha sauti, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na mtu wao humo. Baba yake mdogo alikaa miezi minne kwa ugomvi wa ngalawa. Mimi ni mwanawe wa pili, na habari za huyo babu ndiyo kwanza nilizisikia siku hiyo. Kijana naye akasimama akasikiliza.

Kutoka Ngomeni mpaka msikiti wa Mandhry, ule wa mwaka 1570, kwa mguu ni dakika chache. Sisi tulitumia saa moja na nusu. Mtaa wa Ndia Kuu wote mama ana salamu. "U hali gani? Huyu ni wa nani? Yule bwana yu hai?" Watoto walilalamika, wakapewa kashata, wakanyamaza, na sisi wakubwa tukapata kahawa chungu kwenye baraza ya watu. Ijumaa msiende karibu na swala, maduka hufungwa.

Na zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue? Tulishuka, tukapiga picha, dakika tano. Watoto waligusa wakashangaa kuwa ni bati, si pembe. Ni alumini. Basi.

Haller Park, bustani ya wanyama kule Bamburi, tulikwenda Jumamosi nyingine, msiibane kwenye siku zenu mbili. Ukienda, wanao waeleze kwanza kwamba hapo palikuwa shimo la mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe, na kwamba René Haller alianza kupanda miti 1971 na mvinje ndio ulioshika, kisha wakaletwa jongoo kuyatafuna majani makavu mpaka ukapatikana udongo. Wangu sasa hawakanyagi jongoo. Twiga utawalisha kwa mkono, hiyo haihitaji maelezo.

Swali lako la mwisho, mlale hotelini au nyumbani. Sisi tulilala nyumbani kuokoa pesa, na usiku wa kwanza saa mbili nilikuwa juu ya ngazi natengeneza tangi la maji huku jirani amekuja kuazima mkokoteni. Mwaka huu tumeweka akiba tulale usiku mmoja Mtwapa, asubuhi tuone magofu ya Jumba la Mtwana. Mama tayari amesema yuaja, na ataka chumba chake peke yake, chenye dirisha la bahari.