Msimamizi anataka nisaini kwamba sitagoma

SWALI: Nafanya kazi zamu ya usiku, kitengo cha kufungasha. Chama kimetoa notisi ya mgomo. Msimamizi anatuita ofisini mmoja mmoja tusaini karatasi ya kuahidi kwamba hatutagoma. Wenzangu nao wanasema atakayeingia kazini ni msaliti. Mimi si mwanachama. Nifanyeje?
Mfungashaji

JIBU: Ndugu Mfungashaji, usisaini kwanza. Omba nakala, sema unakwenda kuisoma. Nimekuwa mwakilishi wa chama kwa miaka mingi, na karatasi za aina hii huletwa mwisho wa zamu, mtu akiwa na usingizi. Andika tarehe, saa, na maneno uliyoambiwa.

Haki ya kugoma imo katika ibara ya 8 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ila itumike kwa kufuata sheria za nchi husika. Hapo ndipo wengi huumia. Mbane mwakilishi wenu: kura ilipigwa? Usuluhishi ulishindikana? Siku za notisi zimetimia? Mgomo wa kukurupuka unaweza kukupotezea kazi hata kama madai ni ya kweli. Uliza pia ofisi ya kazi kama asiye mwanachama analindwa akigoma. Nchi nyingi humlinda, lakini usibahatishe. Mshahara wa siku za mgomo kwa kawaida hutaupata, na posho ya mfuko wa chama mara nyingi ni ya wanachama tu.

Kuhusu wenzako: Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 20, linasema hakuna wa kulazimishwa kuwa katika chama. Wana haki ya kukusihi langoni, hata kukununia. Kukutisha au kukuzuia kwa nguvu, hapana. Mimi ningegoma, maana nyongeza ikipatikana na wewe utaipokea. Lakini mwenye kodi na ada za watoto ni wewe.

Jambo moja nakukataza: usijifanye mgonjwa siku hiyo. Cheti cha uongo ni kosa la nidhamu, na hapo chama hakina cha kukutetea.

Na ukiamua kuingia kazini, ukapewa mashine ya aliyegoma ambayo hujafundishwa kuiendesha, ikatae kwa maandishi.