Miezi minne nangoja ushauri wa kaunti, nichimbe msingi ama?

SWALI: Dada mhariri, habari ya kazi. Nina ploti Utawala, futi 40 kwa 80, hati iko kwa jina langu, nataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu ya familia, si ya kupangisha. Akitekti wangu alisema kabla achore ramani tuulize kwanza watu wa mipango wa kaunti, manake nyuma ya ploti kuna kijito, kiangazi hukauka lakini mvua ikinyesha maji hupita. Tulienda mwezi wa pili, afisa akatusikiza vizuri, akasema tuandike barua, tukaandika. Tangu hapo ni njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, faili iko kwa mkubwa, mkubwa ameenda semina. Saa hii ni miezi minne. Mkopo wa sacco ulishatoka na wameanza kunikata kwa mshahara, nyumba ya kupanga huku Donholm bado nalipa, na fundi ananiambia tuchimbe tu msingi, ati majirani wote walijenga hivyo na hakuna aliyesumbuliwa. Nifanyeje? – Baba Kevo, Donholm

JIBU: Baba Kevo, pole sana, kulipa rendi na mkopo kwa wakati mmoja na ploti imekaa tu na nyasi ni kitu inakula mtu usiku, naijua.

Nianze na huyo fundi. Usichimbe. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema ukijenga bila kibali cha kaunti unaweza kupigwa faini hadi shilingi 500,000 ama jela hadi miezi miwili ama vyote viwili, na fundi hatakuwa hapo siku hiyo, jina lililo kwa hati ni lako. Na kuhusu majirani ambao hawajasumbuliwa, wewe unakumbuka Mei 2024 baada ya mafuriko, watu wa Mathare na Mukuru walibomolewa kando ya mto na wengi walikuwa wameishi hapo miaka na miaka bila kuulizwa chochote.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Ushauri wa kabla na ombi lenyewe la kibali ni vitu viwili tofauti. Ombi likishapokelewa, sheria hiyo hiyo inaipa kaunti siku 60 kukujibu. Ushauri wa mdomo, wa njoo Jumatatu, hauna siku zinazohesabiwa mahali popote, unaweza kungoja hata mwaka na hakuna aliyevunja kitu. Kwa hivyo hiyo miezi yako minne, kwa karatasi, bado haijaanza.

Mimi nilijifunza hii vibaya. Nilipokuwa najenga nilingoja ushauri kama wako karibu nusu mwaka, kila Ijumaa niko pale kwa benchi, ofisi sitaitaja. Siku moja karani akanionea huruma akanitolea faili, ile ya kahawia yenye kamba, ndani kulikuwa na barua yangu peke yake, bado imekunjwa mara tatu vile niliikunja mwenyewe nyumbani, haina muhuri wa kupokelewa, haina hata tiki ya kalamu. Nililia kwa matatu hadi nyumbani. Manake hakuna mtu alikuwa anachelewesha, hakuna mtu alikuwa amepewa hiyo kazi.

Kwa hivyo kesho ukienda beba barua mpya na nakala yake, nakala ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo. Na usiandike tena ati naomba ushauri kuhusu ploti yangu, hiyo inajibiwa na mtu gani? Uliza vitu vinavyojibika: ploti namba fulani iko eneo la matumizi gani, barabara iliyo mbele imetengewa upana gani, nyumba ya familia moja ya ghorofa moja inaruhusiwa kukaa umbali gani kutoka mpaka. Ukiweza taja kwamba unaomba taarifa chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, ambayo inampa ofisa siku 21 kukujibu. Ikipita kimya, barua inaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya ombudsman inayopokea malalamiko kuhusu ofisi za serikali, na huko hulipi kitu. Kipengele cha 47 cha katiba kinasema unastahili kuhudumiwa haraka na kwa haki, si kuwasumbua, ni haki yako.

Lakini acha nikae hapa kwa kijito, manake mimi naona ndicho kinachokuchelewesha kuliko huyo mkubwa wa semina. Hakuna afisa anataka sahihi yake ionekane kwa ploti ya kando ya maji, na kusema kweli simlaumu sana. Mwenye kukuonyesha mpaka wa maji ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, si kaunti, waombe waje wapige vigingi. Kanuni zetu zinataja kuacha kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto, na hupimwa kutoka pale maji hufika yakijaa, si katikati ya mtaro umekauka. Sasa chukua kalamu. Futi 80 ni kama mita 24. Ukiambiwa uache 6 unabaki na 18, hapo nyumba inaingia ukibana, na usisahau sehemu nyingi za Utawala hazina laini ya sua, kwa hivyo kuna tanki la maji machafu pia linataka nafasi na halitakiwi kusogea kwa kijito. Ukiambiwa 30, Baba Kevo, hakuna ploti. Unaona kwa nini hili swali ni la kuulizwa kabla hujamlipa akitekti hata mchoro mmoja? Akitekti wako alifanya vizuri kukusimamisha, mshikilie huyo, wengine wangechora wakachukua pesa.

Ukingoja WRA usikae bure. Tafuta sevea aliye na leseni akuonyeshe bikoni zote nne, yaani alama za mpaka, usikubali kuonyeshwa na aliyekuuzia. Halafu lipa kijana achimbe shimo moja tu, ni kazi ya siku moja, hiyo si msingi ni kuangalia udongo tu. Pande hizo bleki kotoni ni nyingi, ule udongo mweusi unaofura ukinyesha na kupasuka jua likiwaka hadi mkono unaingia kwa ufa, na ukishajua unakwenda chini futi ngapi enginia atakuambia msingi utakula pesa ngapi. Wengi huishia kujenga msingi pekee kwa pesa ya nyumba nzima.

Majibu ya maji yakifika, akitekti aliyesajiliwa aweke ombi kwa mfumo wa kaunti wa mtandaoni, na uchapishe ile risiti yenye tarehe. Hapo siku 60 zinaanza. Zikipita bila jibu la maandishi sheria inachukulia umepewa kibali, lakini usikimbie kuita mafundi, andika barua kwanza kukumbusha, manake watu wa NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi, wakija saiti watataka kuona karatasi, si hesabu ya siku. Na ukikataliwa usivunjike moyo, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya maswala ya mipango. Mimi afadhali hapana iliyoandikwa kuliko kimya.

Kuhusu sacco, nenda uongee nao wiki hii. Kama pesa bado iko kwa akaunti uliza kama unaweza kurudisha sehemu ipunguze deni, uchukue tena ukipata kibali. Na tafadhali usinunue simiti sasa ati bei itapanda, simiti ikikaa stoo miezi mitatu na unyevu inashika mawe ndani ya mfuko.

SWALI: Shikamoo dada. Kuna kijana ananiambia nikimpa elfu thelathini ataniletea barua ya ushauri ya kaunti kwa wiki moja, iko na letahedi na muhuri. Jirani yangu alichukua. Niamini? – Mama Wawili, Kahawa West

JIBU: Marahaba mama. Usimpe. Malipo ya kaunti hutoka na invoisi yenye namba na jina lako, na unalipa kaunti, hulipi simu ya mtu. Mwambie akutumie hiyo namba ya invoisi kwanza, na umwambie jirani yako apeleke ile barua yake ofisini ikaangaliwe kabla hajaanza kumwaga zege.