Kabla hujamwambia mgonjwa apunguze uzito

Mdogo wangu uliyepangiwa zahanati huku nyanda za juu kusini, karibu sana. Chuoni umeshafundishwa kuchukua kilo, ukagawa kwa urefu wa mita uliojizidisha wenyewe, ukapata BMI. Mipaka unaijua: chini ya 18.5 uzito ni pungufu, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Hayo sitayarudia. Nimekuwa muuguzi miaka 13, kwanza Makete mkoani Njombe, sasa Mufindi mkoani Iringa, na kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kile mgonjwa anachokisikia unapomsomea hiyo namba.

Mama mmoja mkulima wa viazi alikuja kwa ajili ya presha. Mizani ilisoma kilo 82, urefu mita 1.58, presha 160 kwa 95. Nikamwambia, "Mama, BMI yako ni 32.8, iko juu, inabidi upungue." Akaitikia, "Sawa, sista," akachukua dawa, akaenda zake. Mwezi uliofuata alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi, nikakaa naye. Akaniambia kwamba nilipotaja 32 aliona ni ndogo, maana ilikuwa ndogo kuliko namba za kilo na za presha nilizomsomea. Niliposema "iko juu" alidhani bado nazungumzia presha. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Sista, dada yangu alianza hivyohivyo, kupungua. Nikipungua mimi, hapa kijijini watasema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemwomba. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo Ukimwi umekaa sana. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Hakuna ukoo usiomkumbuka mtu aliyepukutika kitandani. Kwa hiyo mwili ulionawiri ni cheti cha afya ambacho kila jirani anakisoma. Bibi harusi akinenepa husemwa ndoa imemkubali. Akikonda, watu hunong'ona kwamba mtu kaisha. Nawe unakuja na koti jeupe kumwambia mtu akonde kwa hiari yake.

Jambo hili ni zito zaidi kwa anayehudhuria CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU. Mtu alianza dawa akiwa na kilo 44, leo ana 79, na kila anapopanda mizani anafurahi kwamba mwili umerudi. Usimwambie haraka kwamba sasa umezidi. Mpongeze kwanza, kwa moyo kabisa, kwa sababu huo ni ushindi wake. Kisha mweleze kwamba dawa zimemrudishia maisha marefu, na maisha marefu yana maadui wengine, presha na kisukari, nao tunataka kuwazuia mlangoni.

Siku hizi naanza na swali. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nauliza, "Mama, mwili wako unauonaje siku hizi?" Kisha nanyamaza. Jibu lake ndilo linaloniambia nianzie wapi. Kama hofu yake ni kusemwa, natofautisha waziwazi: kupungua unakokutaka mwenyewe, kidogokidogo, huku unakula na nguvu unazo, ni kitu kimoja, kupungua kunakokujia bila wewe kukutaka huenda ni ugonjwa, na hapo ndipo uje mbio. Naye mgonjwa wa namna hiyo ya pili akija, wewe usimsifie kwamba amependeza. Muulize kikohozi, homa na jasho la usiku, ufikirie kifua kikuu.

Namba nayo inataka mfano wa nyumbani. Mimi huwataja majirani wawili wa kubuni, kila mmoja na kilo 70. Mmoja ana mita 1.75, mwingine 1.50. Wa kwanza BMI yake inakaribia 23, wa pili imepita 31. Mgonjwa anaona mara moja kwamba mzigo ni uleule, aliyeubeba ndiye tofauti. Nakusihi tu usitumie mfano wa lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo. Niliutumia mwaka wangu wa pili, nikidhani wakulima wa viazi wataelewa haraka. Walielewa haraka kweli. Dada niliyemwambia hakurudi tena kwenye kituo kile, na presha yake nikaja kuisikia kwa watu.

Lengo lisiwe refu kupita nguvu za mtu. Yule mama wa kilo 82 angehitaji kufika 62 ili asomeke kawaida. Kilo 20 ni karibu debe zima la mahindi, nani atalitua debe mwilini mwake kwa maneno ya siku moja? Lakini akipungua asilimia 5 tu, yaani kilo 4 hivi, presha na sukari huanza kunufaika. Nilimwomba kilo 4. Tukaongea sukari ya kwenye chai, mafuta ya kupikia, na ugali uliopungua kidogo huku mboga na maharage vikiongezeka. Sikumwambia afanye mazoezi. Mtu anapanda mlima na jembe kila asubuhi.

Kitu kilichonisaidia kuliko chati yote ya ukutani ni uzi. Wanawake wa Makete wengi wanafuma masweta, uzi haukosi nyumbani. Unapima uzi kuanzia utosini hadi unyayoni, unaukunja katikati ubaki nusu, kisha unauzungusha tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayosumbua moyo na sukari. Hapa hakuna desimali. Pia uzi unamtetea mpasua mbao wa huku Mufindi ambaye BMI inamwita mnene wakati uzito wake ni misuli. Kwa mjamzito uzi na BMI vyote viweke pembeni, na aliyevimba miguu usiamini kilo zake. Watoto wana kadi yao na vipimo vyao. Kumbuka tu kwamba utafiti wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, mkoa unaolisha wengine. Kwa hiyo mama akikuambia mtoto wake kibonge, pima na urefu.

Upimaji wenyewe uangalie. Kilemba kinaongeza urefu, mabuti ya mvua yanaongeza urefu na uzito. Ukimsoma yule mama mita 1.62 badala ya 1.58, BMI yake inashuka hadi 31.2 na hakuna kilichobadilika mwilini. Usiwe na mtindo wa kupiga kelele "themanini na mbili!" ili mwenzako aandike mezani, benchi zima likageuka. Andika mwenyewe, umwonyeshe mgonjwa kwenye daftari lake, pembeni ya uzito wa mwezi uliopita.

Yule mama alirudi baada ya miezi mitatu na uzi wake ameufunga kwenye pindo la kitenge. Mizani ilisoma 80. Ncha zilikuwa bado hazijakutana, akanionyesha kwa vidole pengo lililobaki.

Na kama unaripoti Julai, ulizia mapema pa kutundika makoti. Baridi ya huku hakuna anayelivua bila kuonyeshwa pa kuliweka.