Risasi za shaba tupu: kwa mkuu aliyeuliza kuhusu bunduki yake ya .30-06

Mkuu, umeuliza kama ni kweli risasi za shaba tupu hazina shabaha na mnyama anakimbia nazo, kama rafiki yako anavyokwambia. Ngoja nikujibu kwa niliyoyaona, maana misimu 11 nimefuata nyayo kwenye kambi za uwindaji, mingi Rungwa na miwili Selous, na hizo risasi nimezichomoa kwenye nyama kwa mkono wangu.

Kwanza tuelewane jina. Porini ukisema solidi watu wanaelewa ile isiyofunguka, ya tembo. Hii unayouliza wewe ni nyingine, ni shaba kipande kimoja, ndani hamna yale madini ya risasi (lead) kabisa, ila puani ina kitundu na ikiingia kwenye nyama inafunguka petali nne kama ua. Kampuni ya Barnes ya Marekani ndio waliitoa mwaka 1989, na zile za mwanzo ni kweli zilikuwa zinachafua mtutu vibaya na bunduki nyingine zilizikataa. Mwaka 2003 wakatoa zenye mifereji kiunoni, msuguano ukapungua na shabaha ikatulia. Nadhani maneno ya rafiki yako ni ya enzi zile.

Sasa shabaha. Kuna mteja alikuja na bunduki ya .300 Winchester Magnum, miaka yote anapiga risasi za kawaida, safari hii kabeba za shaba. Siku ya kwanza tukaweka boksi mita 100, akapiga tano, zimetawanyika mpaka kiganja changu hakifuniki. Akazilaumu risasi. PH, yaani mwindaji bingwa anayeongoza wateja, akamuuliza mtutu umesafishwa lini, akasema kabla ya safari, kapitisha brashi. PH akatoa dawa ile yenye amonia, kitambaa cha kwanza kikatoka bluu kama wino, ndio shaba iliyoganda hiyo, cha pili bluu, tukakaa chini ya mti zaidi ya saa nzima tunapitisha vitambaa mpaka kikatoka cheupe. Akarudi kupiga, ya kwanza ikaenda pembeni kidogo, tatu zilizofuata kizibo cha soda kinazifunika zote. Risasi ni zile zile, boksi lile lile. Shaba inayofunika zile risasi za kawaida inaganda ndani ya mtutu, ukileta ya aina nyingine juu yake hazipatani, kwa hiyo ukibadilisha aina safisha mpaka chuma chenyewe kionekane, usipitishe brashi mara mbili ukasema tayari.

Kingine ni uzito. Madini ya risasi ni mazito, gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba ni 8.9 tu, kwa hiyo ya shaba yenye uzito sawa inakuwa ndefu zaidi na ndefu inataka kuzungushwa na mtutu kwa kasi zaidi ndio itulie hewani. Ndio maana watu wanashuka uzito. Kama .30-06 yako ulikuwa unapiga greini 180 (greini ndio kipimo cha uzito wa risasi) jaribu 165 au hata 150, inaenda kasi zaidi na hapo kasi ndio kila kitu, maana ikifika kwa mnyama imechoka, chini ya futi 1,800 kwa sekunde hivi, nyingi hazifunguki vizuri.

Hili la kasi niliona kwa kongoni. Mteja alipiga mbali sana, nyuma ya bega, kwenye mbavu, ikapita kitundu kidogo cha kuingilia kitundu kidogo cha kutokea, damu tone moja moja kwenye majani, tukamfuata zaidi ya saa mbili ndio tukamkuta kalala. Risasi ya kawaida inavunjikavunjika humo ndani inararua mapafu, ya shaba haivunjiki. Kwa hiyo sogeza shabaha mbele, piga bega lenyewe, vunja mfupa. Nyati mmoja alipigwa hivyo na risasi ya shaba ya .375, greini 300, alienda kama hatua 80 akaanguka, mchunaji akaikuta risasi chini ya ngozi upande wa pili, petali zote nne zipo, tukaipima kwenye mizani ndogo ya mteja ikasoma 297. Imepita mabega mawili ya nyati ikapoteza greini 3! Na nyama ya bega tulikula yote mpaka karibu na tundu, hamna vipande vya madini ya risasi vya kuogopa kumpa mtoto.

Ila huko kupenya ndiko kunakotaka akili, na hapa naomba unisikilize sana. Msimu uliofuata dume la nyati lilipigwa likiwa limesimama mbele ya kundi, risasi ikalitoboa ikampata jike aliyekuwa nyuma yake na sisi hatukumwona kabisa. Dume lilianguka palepale. Jike tulimfuata mpaka jua linazama, tukamkuta kwenye kichaka kasimama ametuelekea, PH akamaliza, tukarudi kambini hakuna anayeongea. Alikuwa na maziwa. Baada ya pale PH wetu alikuwa hamruhusu mteja kufyatua kwenye kundi mpaka aone majani matupu nyuma ya mnyama, kuna siku tulikaa na stiki, zile fimbo za kuegemezea bunduki, zimesimama dakika 40, jua kali, mteja anatetemeka mikono, kundi likaondoka zima na hatukupiga.