Maswali yenu: kero, bughudha, hasira

*Shikamoo mwalimu. Kila mkutano wa kijiji tunaulizwa tuna kero gani. Neno hili ni la Kiarabu?* (Msomaji, Singida)

Marahaba. Hapana, kero ni letu wenyewe, limezaliwa na kitenzi kera, ambacho maana yake ya zamani ni kukwaruza kwa sauti inayoumiza masikio. Wasikilize jamaa zake: fundi hukereza mti, koo la mwenye mafua hukereketa. Kwa hiyo linalokukera halikujeruhi. Linakukwaruza, linakukwaruza tena, mpaka uvumilivu uishe. Hata mkereketwa wa chama katoka humo humo, maana jambo linamwasha ndani hawezi kutulia. Ndiyo sababu naumia nikiona neno hili linabebeshwa kila mzigo. Akina mama wanaoamka saa tisa usiku kutafuta maji hawana kero. Wana dhiki, na dhiki iitwe dhiki.

*Adha na Idd el-Adha ni neno moja?* (Msomaji, Tanga)

La. Yote mawili ni ya Kiarabu, lakini herufi zake ni tofauti. Sisi tu tumeziandika zote kwa dh. Adha ya maudhi ni ndugu wa udhi na udhia, lile tunalosema "mpe chake tuondoe udhia". La sikukuu linahusu kuchinja.

*Nikimwambia mtu "usinibughudhi", namwambia asinichukie?* (Msomaji, Mombasa)

Kwa Mwarabu ingekuwa karibu na hivyo, kwani kwake bughudha ni chuki ya moyoni. Kwetu neno limetoka moyoni likahamia mkononi na ulimini: kumbughudhi mtu ni kumchokoza, kumnyima raha. Mtoto anayekuvuta kanga huku unasonga ugali anakubughudhi, na anakupenda kuliko wote. Hata hivyo ukali wa asili haujaisha. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Sijamsikia mtu akiomba radhi kwa bughudha.

*"Hasira hasara": je, maneno haya yana asili moja?* (Msomaji, Morogoro)

Yanafanana kwa sauti tu, na methali imeutumia mfanano huo vizuri. Hasara asili yake ni khasara, kwa kh, na wapo wazee wanaoitamka hivyo hadi leo. Hasira inatoka kwenye neno la Kiarabu la majuto na uchungu wa kukosa. Mimi huona uchungu huo bado umo: chini ya hasira nyingi kuna mtu aliyekosa kitu. Hamaki je? Huko ilikotoka ni upumbavu. Kwetu ni hasira ya ghafla, ya mtu anayefoka kabla hajasikia habari yote.

*Vijana wangu wanasema "usimaindi". Nikubali?* (Mzazi, Dar es Salaam)

Limetoka Kiingereza, kwenye neno la kujali. Anayejali sana jambo dogo huishia kukasirika, basi "amemaindi". Silikatai. Ghadhabu na karaha nazo zilikuja kutoka ng'ambo, na leo hakuna anayeziona ngeni. Ninachoomba, mzazi mwenzangu, wafundishe pia kununa. Aliyenuna hasemi neno. Midomo imefura, uso ameuelekeza ukutani, chakula kinapoa mbele yake. Kumaindi hakuna sura hiyo.