Jibu: Watazamaji wanamlaumu binti aliyeuzwa

Salaam ndugu. Umesema mliwaonyesha watu tamthilia yenu ya usafirishaji haramu wa binadamu, wakaishia kumlaumu binti aliyeuzwa Oman: "Tamaa ya Muscat imemponza."

Kagueni kwanza nani anamchukua. Kama ni mgeni mwenye gari jeusi, mbadilisheni. Katika maigizo niliyoandikia vikundi vya mtaani, watu walianza kufikiri pale tu dalali alipokuwa shangazi, tena anayependwa, aliyekuja na sukari na kanga. Mtazamaji naye aamini ile ahadi ya kazi ya Muscat.

Halafu onyesheni kinachomzuia: pasipoti kuchukuliwa, deni la nauli, na kafala, mfumo wa nchi za Ghuba unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Asiyejua hayo huuliza, "Mbona hakutoroka?" Mhusika mmoja aseme wazi kwamba chini ya sheria ya Tanzania ya 2008, binti kukubali kusafiri hakumwondolei dalali kosa.

Na msimsahau binti wa Iringa anayeletwa Dar kufanya kazi za ndani, akanyimwa mshahara. Huyo hahitaji ndege, na watazamaji wenu wengine wanaishi naye. Kila sehemu ikiisha wekeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.